Kikombe cha Pili Sikiweki

Ijumaa, 27 Februari

Presha 150 kwa 90. Daftari hili nimepewa na nesi wa kliniki. Ameniamuru niandike namba kila ninapopima, nimpelekee mvua zikiisha aone mwenendo. Nikamwuliza, "Na anayenipandisha presha, naye nimwandike?" Akacheka. "Mwandike tu, mama, maana dawa yake hatuna."

Basi nitaandika. Mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu. Miaka thelathini na mmoja nilisimamia chumba cha kufulia hospitalini, na jina la Mama Sabuni nililipata huko. Nimefua damu, usaha na vitu ambavyo waungwana hawavitaji mezani. Sasa nimestaafu, nafua vitambaa vya Meza ya Bwana kanisani kwetu na kuosha kikombe cha ushirika. Naishi na binti yangu wa mwisho, Kitinda, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye ataolewa tarehe sita Juni, Mungu akipenda na wifi yangu akiruhusu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Akipiga chafya, kwaya nzima inatafuta leso.

Jumapili, 1 Machi

Leo kaja mgeni kanisani. Mgeni kwa kanisa tu, si kwa mji. Ni mzibua vyoo, mtu ambaye kila nyumba inamjua na hakuna anayemsalimu. Choo kikijaa anaitwa "fundi", kikishatapishwa anaitwa "yule".

Alisimama wageni walipoombwa wajitambulishe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akasema, "Mwezi wa kumi na mbili nilimzika mke wangu. Tulikuwa watu saba kaburini na hakuna aliyejua wimbo hata mmoja hadi mwisho. Nimekuja nijifunze." Akaketi.

Benchi la nne lilikuwa na watu sita. Kufika mahubiri alikuwa peke yake. Hakuna aliyesimama na kuhama, hasha, sisi ni watu wa adabu. Walisogea kidogo kidogo, kama mtu anayekwepa jua.

Kisha ushirika. Kwetu tunasimama mbele kwa mstari na kikombe kinapita mkono kwa mkono. Alipokunywa, mama aliyefuata alikipokea, akakiinamisha, na midomo yake ikabaki mikavu. Na aliyefuata vivyo hivyo. Nilihesabu wanne. Baadaye nilipokiosha, divai ilikuwa imebaki nusu. Haijawahi kubaki nusu.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Nguo hazikauki.

Alhamisi, 5 Machi

Presha 155 kwa 95. Kikao cha umoja wa wanawake. Wifi alizungumza kwa ile sauti yake ya asali: "Jamani, si ubaguzi. Ni usafi. Kila mtu ana mahali pake mbele za Bwana."

Nikauliza, "Pake ni wapi?"

"Pake nani?"

"Huyo mzibua vyoo. Nakuuliza ramani, wifi, si mahubiri."

Wakacheka wawili. Wifi hakucheka. Nami nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi, nikijirudia maneno yangu njia nzima.

Jumapili, 8 Machi

Leo mhudumu wa mlangoni alimpokea mzibua vyoo na kumwongoza hadi benchi la mwisho, pembeni mwa mlango. "Hapa utapata hewa," akamwambia. Hewa! Mvua ilikuwa inaingia kwa mshazari, benchi lote limelowa.

Nikafunga Biblia yangu, nikatoka benchi la pili nilikokaa miaka ishirini na sita, nikatembea katikati ya kanisa na viatu vyangu vinavyolia, nikaketi karibu naye. Nikamwambia, "Bwana asifiwe." Akasema, "Amina, dada." Sketi yangu ililowa hadi ndani. Nilikaa hapo kama malkia.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Kitinda anataka maua ya njano. Mimi sina neno na maua.

Jumamosi, 14 Machi

Wifi kaja. Hakukaa hadi alipotandaza leso yake juu ya kiti changu. Kwangu mimi, Mama Sabuni!

"Wifi yangu, hivi unatafuta nini?"

"Natafuta pa kukaa kanisani. Nimepata, pana hewa."

"Watu wanasema unanishindania uenyekiti."

"Uenyekiti kaa nao, wifi. Mimi nashindania benchi."

Akaangalia mikono yake. Ana mikono iliyochubuka kwa kunawa. "Wewe hujui uchafu unafanya nini kwa watu," akasema.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi sijui uchafu? Nikamwambia kama ni uchafu, nimeufua tani na tani, na uchafu sugu kuliko wote haukai kwenye shuka. Akaondoka bila kuaga. Leso kaiacha. Nimeifua, nimeipiga pasi, na sitampelekea.

Jumapili, 15 Machi

Benchi la mwisho. Mvua. Kajifunza beti mbili.

Jumapili, 22 Machi

Benchi la mwisho. Sauti yake ni nzito na inakwenda kombo, lakini haogopi kwenda.

Baada ya ibada mchungaji alikuja nyumbani. Ni kijana, anaweza kuwa mwanangu, na leo alikuwa na uso wa mtoto aliyetumwa. Alizungusha maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema: baraza la wazee limeamua kwamba siku ya Pasaka, ili kulinda amani, yule ndugu atapokea wa mwisho, tena kwa kikombe chake. Mimi, kama mhudumu wa meza, nikiandae.

"Kikombe cha pili?"

"Kwa ajili ya amani, mama."

"Amani ya nani, mchungaji? Yake au yao?"

Akaangalia sakafu.

Nikamwambia, "Mwanangu, Bwana aliinama akaosha miguu ya wavuvi, na siku hizo barabara zilikuwa za punda. Wewe unataka nimtengee mtu kikombe kwa sababu anatuondolea kinyesi chetu wenyewe? Kikombe cha pili sikiweki. Kawaambie nimesema hivyo, na kama unaogopa kusema, nitakuandikia."

"Nitawaambia," akasema. Sijui kama atawaambia.

Jumatano, 25 Machi

Presha 160 kwa 95. Mvua siku ya nane mfululizo. Choo cha kanisa kimeanza kunuka.

Jumapili, 29 Machi

Leo nina mengi, na karibu yote ni aibu yangu.

Uamuzi wa wazee ulisomwa kanisani, kwa maneno laini: "utaratibu maalumu kwa baadhi ya washirika". Baadhi! Wote wakageuza shingo kutazama benchi la mwisho. Yeye alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo.

Ibada ilipokwisha tulisimama barazani kungoja mvua ipungue, mimi na yeye, wengine upande wa pili. Nikaanza kufoka. Nikasema hawa si Wakristo, ni makaburi yaliyopakwa chokaa. Nikasema nitakwenda kwa askofu. Nikamwambia, "Na wewe usikubali! Mbona umenyamaza?"

"Nimezoea, dada."

"Usizoee!"

Akatabasamu kidogo. Ana meno machache upande wa kushoto. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Dada, unanipigania vizuri. Hii wiki ya nne unakaa na mimi. Lakini hujanipa mkono."

"Nini?"

"Kila Jumapili nakunyooshea mkono. Wewe unaibana Biblia kwa mikono miwili, unasema 'Bwana asifiwe'."

Mimi sikosi jibu, waulize walionifahamu. Nikasema ni kwa sababu ya mvua. Nikasema ni kwa sababu ya sketi. Akatikisa kichwa kana kwamba amekubali, akafungua mwavuli wake uliovunjika njiti mbili, akaenda zake.

Nimerudi nyumbani nikamkaripia Kitinda bila sababu. Kisha nikakaa jikoni na kukumbuka, Jumapili moja baada ya nyingine. Ni kweli. Siku ile ya kwanza aliponiokotea kitabu cha nyimbo nilikipokea kwa ncha. Sikuwahi kujiona. Nilikuwa nimeshughulika kuwaona wengine.

Nilikwenda kukaa karibu naye ili nionekane nimekaa karibu naye. Hilo nimeliandika na wino haukukataa. Hata jina lake sikuwahi kumwuliza. Mwezi mzima nampigania "mzibua vyoo", kama vile napigania bango.

Presha sikupima. Naijua.

Jumatatu, 30 Machi

Asubuhi nilikwenda kwake. Nyuma ya karakana, chumba kimoja na kibaraza. Kwenye dirisha alikuwa ameanika vipande vitatu vya sabuni ya mche, na buti zake zimepinduliwa juu ya vijiti zimwage maji. Ukutani picha ya mkewe, mwanamke mnene anayemcheka mpiga picha.

Hakushangaa. Nikamnyooshea mkono mlangoni, kabla ya hodi kuitikiwa. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kama ubao wa kufulia. Wangu ndio uliokuwa na jasho.

"Nisamehe," nikasema.

"Karibu ndani, unalowa."

Tukanywa chai. Aliniambia jina lake na la mkewe. Siyaandiki hapa, daftari hili linakwenda kliniki na nesi ni mbea. Lakini kuanzia leo simwandiki tena kwa kazi yake. Nitamwandika Kaka.

Nilimwuliza kama atakuja Pasaka kunyweshwa peke yake kama mgonjwa. Akasema, "Nitakuja. Divai ni ile ile."

"Mimi sitaweka hicho kikombe."

"Usipoweka wewe, ataweka mwingine."

"Aweke. Lakini ajue mkono ni wake."

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Sikuweka. Nilitandika kitambaa, nikaweka sahani na kikombe kimoja, nikaketi benchi la mwisho.

Wifi alikuwa amejiandaa. Kutoka mkobani alitoa kikombe chekundu cha plastiki, cha aina wanayokwenda nayo watoto shuleni, akampa mzee wa kanisa. Kimesuguliwa mpaka kimepauka.

Watu wakapokea, safu kwa safu. Mimi nilibaki nimekaa. Kaka akaenda wa mwisho, peke yake, mbele ya watu mia mbili, na mikunjo yake ya pasi. Mzee akammiminia kwenye plastiki. Kaka akashika kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa.

Ndipo nikainuka. Nilifika kabla hajarudisha kikombe. Nikasema, si kwa sauti kubwa lakini kanisa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia mvua kwenye kila bati: "Na mimi sijapokea. Nipatie hicho hicho."

Mzee akasema, "Mama, kikombe kiko hapa."

"Nimekiona. Nimekiosha miaka kumi na moja. Naomba hicho cha ndugu yangu."

Kaka akanipa. Akamimina aliyekuwa na chupa, na nikanywa pale pale midomo yake ilipokuwa. Divai ni ile ile.

Tulikuwa tunageuka nikasikia bakora inagonga sakafu. Mzee Kengele, apigaye kengele tangu enzi za mchungaji wa tatu nyuma, anakuja akikokota mguu. "Mimi sikumbuki kama nimepokea," akasema. Alikuwa amepokea, nilimwona. Mzee wa kanisa akamwambia, "Umepokea, baba." Mzee Kengele akajibu, "Umri huu siwezi kubahatisha. Lete hicho chekundu."

Tukarudi benchi la mwisho watatu.

Jumatano, 8 Aprili

Presha 165 kwa 100. Barua imeletwa. Nimevuliwa utumishi wa meza. Pia matangazo ya ndoa ya Kitinda hayatasomwa mpaka niombe radhi mbele ya usharika kwa "kuvuruga Meza".

Kitinda aliisoma mara mbili. Nilidhani atanishika bega.

"Mama, wewe una kanisa la kugombana nalo. Mimi nina harusi."

"Harusi ni kitu gani mbele ya haki?"

"Ni siku yangu. Umeniuliza? Ulipoinuka pale ulijua watanigusa mimi. Uliniuliza?"

Sikumwuliza. Katoka na kufunga mlango taratibu, ambavyo ni vibaya kuliko kuubamiza.

Alhamisi, 9 Aprili

Hatusemezani. Mvua.

Jumapili, 12 Aprili

Benchi la mwisho. Meza ilitandikwa na mwingine, kitambaa kimepinda. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua imekula barabara. Vyoo vya shimo mtaa wa chini vimejaa na kufurika. Asubuhi Mzee Kengele alinipasha habari: ukuta wa shimo kwa wifi umebomoka, na uani kote hapapitiki.

Nikacheka. Mbele ya wanawake watatu wa kwaya waliokuja kunipa pole ya barua, nilicheka mpaka nikashika meza. "Mungu si Athumani!" nikasema. "Leo tuone atatandaza leso wapi!" Wakacheka nami, na najua kufika mchana wifi alikuwa ameshaambiwa.

Nikavaa kandambili nikaenda kwa Kaka.

"Wakikuita kwa wifi usiende."

"Wameshaniita."

"Na umesema nini?"

"Nimesema nakuja. Natafuta buti la kushoto."

"Kaka! Yule aliyekuletea kikombe cha plastiki? Mwache akae nacho mwezi mmoja ajifunze adabu!"

Alikuwa ameinama chini ya kitanda. Sauti ikatoka huko: "Dada, mimi sizibui tabia za watu. Nazibua vyoo." Akatoka na buti. "Tena maji yale yakishuka yatafika kisima cha chini, na watoto wa kisima kile hawakunikosea lolote. Unakuja, au unabaki na hasira yako?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikarudi nyumbani kuchukua klorini. Hiyo kazi naijua kuliko kuimba.

Tulifika. Sitaeleza uani palivyokuwa. Kaka na mwenzake wa kazi walishuka kwenye tope hadi magotini, wakaziba kwa magunia ya mchanga, wakachimba mfereji wa kugeuza maji. Mimi nilichanganya dawa na kunyunyiza kuanzia mlangoni kwenda nje, hatua kwa hatua, kama tulivyofanya wodini.

Wifi alikuwa dirishani. Hakutoka. Nilidhani ni kiburi, nikasogea nimwambie neno la kumchoma, maana nilikuwa nalo tayari. Nikamwona uso. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, na meno yanagongana.

"Wifi?"

"Yameingia kisimani?" akauliza. "Niambie ukweli. Yameingia?"

"Bado. Wanayageuza."

"Sisi yaliingia." Hakuwa ananitazama. "Mvua kama hii. Tulikuwa watoto watano. Jumatatu watano, Jumapili wawili. Mimi na mumeo. Mama alikuwa amelala hawezi kuinuka, nikawaosha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliwaosha, na bado walikufa."

Miaka thelathini nilikaa na mume wangu na hakuwahi kunisimulia. Alikuwa mdogo, pengine hakukumbuka. Wifi anakumbuka kwa wote.

Neno langu la kumchoma nikalimeza, na lilinikwama njiani. Nikasimama chini ya dirisha na ndoo yangu mpaka Kaka alipopiga kelele kwamba maji yamegeuka.

Wifi hakumshukuru. Alifunga dirisha.

Jumapili, 19 Aprili

Presha 150 kwa 90. Nimewaza sana. Woga wa wifi una makaburi matatu ndani yake. Hilo halimpi haki ya kumwekea mtu kikombe chekundu; jeraha la mtu si ruhusa ya kumjeruhi jirani. Lakini nilimcheka akiwa anazama, na niliwachekesha wengine. Nilidhani mimi niko upande wa Kaka na yeye yuko upande wa pili. Jana Kaka alikuwa upande wa kisima.

Ijumaa, 24 Aprili

Wagonjwa wawili wa kipindupindu, mtaa wa mashariki. Si kisima cha chini. Kisima cha chini ni safi.

Jumapili, 3 Mei

Mchungaji ametangaza kwamba kikombe kinasimama hadi ugonjwa uishe. "Kwa wote," akasema, na akarudia, "kwa wote, si kwa mmoja." Nilimtazama. Hakuangalia sakafu.

Jumanne, 5 Mei

Mvua imepungua.

Jumanne, 12 Mei

Kitinda ameketi nami jikoni. Aliniwekea kadi za harusi mezani, ya juu kabisa imeandikwa jina la Kaka, na mbele ya jina ameandika "Mjomba".

"Huyu mnajuana?" nikauliza.

"Amekuja shuleni kwetu wiki nzima kufungua mifereji. Watoto wanamwimbia." Akajifanya anapanga bahasha. "Mama, sitaki uombe radhi kwa ajili yangu. Tutafunga ndoa hata barazani."

"Nitaomba radhi," nikasema.

Akaniangalia kama nina homa.

"Ninayo ya kuomba. Siyo wanayoitaka."

Jumapili, 17 Mei

Presha 140 kwa 85, kabla ya ibada.

Niliitwa mbele. Karatasi waliyoniandikia ilikuwa na mistari sita. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikasema haya, na nayaandika nisije nikayapamba kesho:

"Naomba radhi. Wifi yangu, choo chako kilipobomoka nilikucheka, nikawachekesha na wengine. Lilikuwa jambo baya, nisamehe. Binti yangu, nilichezea siku yako bila kukuuliza, nisamehe. Kaka yangu pale nyuma, wewe nilishakuomba kwako nyumbani, lakini hawa hawakuwepo: nilikaa karibu nawe mwezi mzima nikiogopa mkono wako. Nilikuwa kama wao, ila nilikuwa na kelele zaidi."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Na kuhusu Meza, mama."

"Kuhusu Meza siombi radhi. Nilikunywa na ndugu yangu. Kikiwekwa kikombe cha pili mara mia, nitakinywea mara mia. Mkitaka kunitoa nitoeni, mlango naujua, ninakaa karibu nao."

Nikabaki nimesimama. Mchungaji akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa mweupe midomo.

"Baraza lilisema aombe radhi, naye ameomba," akasema. "Matangazo ya ndoa yatasomwa leo." Akapumua. "Jambo jingine. Uamuzi wa vikombe viwili niliupeleka mimi nyumba kwa nyumba. Sikuukubali, na niliupeleka. Huo ni woga wangu. Ushirika ukirudi, kikombe ni kimoja. Na mimi, ninayezoea kunywa wa kwanza, nitakunywa wa mwisho, baada ya kila mtu."

Mzee mmoja alitoka nje. Wa pili alinyanyuka, akaketi tena. Wifi hakutikisika. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumapili, 24 Mei

Tangazo la pili. Jua.

Jumapili, 31 Mei

Tangazo la tatu. Hakuna aliyepinga. Ugonjwa umetangazwa kuisha. Nimerudishiwa kitambaa cha Meza, kina doa ambalo aliyekifua hajui asili yake. Nalijua. Limetoka.

Jumamosi, 6 Juni

Kitinda kaolewa. Maua ya njano. Mjomba kaimba kombo, kwa nguvu zote, hadi ubeti wa mwisho. Nimelia, nimecheza, miguu imevimba. Presha nimeisahau.

Jumapili, 7 Juni

Ushirika umerudi. Nilitandika Meza alfajiri, kikombe kimoja.

Safu zikaenda mbele. Kaka alikuwa safu ya tatu, katikati ya watu, kwa kuwa Mzee Kengele alimshika mkono na kumvuta. Aliyefuata baada yake alikunywa. Wa pili alinywa kidogo. Wa tatu alipitisha bila kunywa, nilimwona, na sikusema kitu.

Zamu ya safu yetu ilipofika niliinuka, na ndipo nikamwona wifi. Safu yake ilikuwa imekwenda, yeye amebaki peke yake kwenye benchi la sita, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, watu wote wakiona. Alikuwa ameinuka nusu. Mikono imeshika benchi, meno yanagongana, kama siku ile ya dirishani.

Miezi mitatu nimepigania kikombe hiki. Nilikitazama kinavyokuja upande wangu. Kisha nikatoka kwenye mstari, nikaenda nikaketi naye.

"Nenda kapokee," akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Baadaye."

"Siwezi, wifi. Nilitaka, nimeamka nikitaka. Siwezi."

"Basi tukae."

"Watasema nimekataa."

"Watasema tumekataa. Mimi wameshanizoea."

Akatoa sauti, sikujua kama ni kilio au kicheko. Mstari ukaisha. Mchungaji akanywa wa mwisho, akakigeuza kikombe tuone kimekauka. Mimi na wifi hatukupata kitu. Tulikaa bega kwa bega kama wasichana waliochelewa shule.

Nje jua lilikuwa kali na ardhi inatoa mvuke. Watu wanaaga. Kaka alitukuta kwenye ngazi. Mimi nilimpa mkono. Yeye hakumnyooshea wifi mkono, alisimama hatua mbili mbali, akasema kama fundi anavyomwambia mwenye nyumba:

"Mama, lile zege la mfuniko wa shimo lako tulilomwaga juzi. Limekauka?"

Tangu aje kanisani sijamsikia wifi akimwambia mtu huyu neno. Akamtazama usoni, ikamchukua muda kufika hapo.

"Limekauka," akasema. "Njoo uone."